Ubao Uliotoka Ziwani

Herufi hizi ninazoziandika alinifundisha yeye. Sina namna ya kumsema isipokuwa kwa mkono uleule alioushika, akauzungusha kwenye a na kwenye e mpaka ukazoea. Hilo peke yake linaniudhi. Ningekuwa na herufi za mtu mwingine ningetumia hizo.

Mimi majina ya watu siyasahau. Darasani kwetu tulikuwa na Bigambo, na Lubango, na Mama Mhoja, na Ngolo mwenye kengeza, na Limi mke wa Masanja, na Tereza wa kanisani, na wengine ambao hata leo naweza kuwapanga mmoja mmoja kama walivyokuwa wakikaa. Jina lake yeye nalijua pia, la ubatizo na la ukoo. Lakini Kayenze nzima tulimwita Mwalimu wa Kisomo, na hivyo ndivyo nitakavyomwita, maana ana wajukuu, na wajukuu hawakufanya kitu.

Siku hizo serikali ilitaka watu wazima wote wajue kusoma. Tulikusanyika jioni kwenye ghala la pamba, pamba ikiwa imeshachukuliwa, harufu ya mbegu imebaki. Wanaume upande wa mlangoni ili wakimbilie nyavu zao, wanawake upande wa ndani na watoto mgongoni. Yeye alisimama katikati kwenye shati la mikono mifupi lililopigwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo yake inakata, na kipande cha chaki kimekaa juu ya sikio kama kalamu ya seremala. Alikisahau hapo. Alikwenda nacho kanisani, sokoni, hata msibani. Ngolo alikuwa akimwambia, "Mwalimu, sikio limeota mvi kabla ya kichwa," na yeye anajibu, "Sikio ndilo lililofanya kazi nyingi, linawasikiliza ninyi."

Alikuwa na maneno, mtu yule. Sisi Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokoteza, kila mtu na lugha yake ya nyumbani inamvuta ulimi, Wasukuma, Wajita, Wakerewe, la na ra hatuzitofautishi. Siku moja alitusomea imla, "Kura ni haki yetu." Tukaandika. Akapita akichungulia, akafika kwa Bigambo, akasoma kwa sauti alichoandika Bigambo: "Kula ni haki yetu."

"Bigambo," alisema, "wewe uchaguzi wako umeshaupigia tumboni."

"Kwani ni uongo, Mwalimu?" Bigambo akamuuliza. "Kula si haki yetu?"

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Lakini alimwandikisha upya, na tena, mpaka ra ikakaa mahali pake. Alisema herufi ni kama chumvi, ukikosea kipimo, chungu kizima hakiliki. Na kunakili hakukuvumilia kabisa. Alimsimamisha Lubango, mtu mwenye wake wawili na ng'ombe, kwenye kona kama mtoto, kwa kuchungulia kwa Tereza. Alisema anayenakili anaiba macho ya mwenzake. Uongo, alikuwa akituambia, hata wa herufi moja, hakuutaka darasani mwake.

Tulimwamini. Mnielewe vizuri hapo. Hatukumwamini kwa ujinga, tulimwamini kwa sababu alikuwa mwema. Mtoto wangu Nyanzala alipougua surua, mwaka ule ilipokuwa ikizoa watoto, alimfunga mgongoni kwake kwa kanga yangu, akapanda baiskeli akampeleka hospitali mjini, mimi nikafuata kwa miguu. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye benchi, mtoto amelala mapajani, na shati lile la pasi limechafuka kifua chote. Nyanzala yupo mpaka leo, ana wajukuu. Siwezi kulifuta hilo, na wala sitaki.

Na alikuwa mwoga wa maji. Kitu cha ajabu, mtu anaishi ziwani na hapandi mtumbwi. Akitaka kwenda ng'ambo ya ghuba anazunguka kwa baiskeli nusu siku, na wavuvi wanampungia mikono wakimpita. Samaki alikula. Ziwa alilitazama kwa mbali, kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua.

Sasa niseme habari ya ubao.

Ubao wa kwanza ulikuwa wa mbao, mchwa wakaula. Kisha vikaja vita vya Kagera. Mdogo wangu Mabula, anayenifuata mimi, alikuwa jeshini, fundi wa ndege, kazi yake pale uwanja wa Mwanza. Alikuwa amemwoa Kabula, na Kabula alikuwa na mimba. Mara ya mwisho alikuja nyumbani na kopo la maziwa ya unga, akala michembe, viazi vitamu vya kukausha, na karanga, akatuambia siku hizi anaruka na ndege yenyewe kupeleka vitu Bukoba, maana ikiharibika huko nani ataitengeneza. Mama yetu, Mayu Holo, akamuuliza, "Huko juu mnapumulia nini?" Mabula akasema, "Hewa hiihii yenu, mama, ila imepoa." Akaenda. Hakurudi.

Kabla hatujapata habari yoyote, wavuvi wa kokoro walivuta wavu wao ukawa mzito. Walidhani ni mti. Likatoka bati, refu kama mlango, limepinda upande mmoja, limejaa tope na majani ya ziwa. Lubango akagonga kwa jiwe, akasema hili si bati la nyumba, ni jepesi mno. Watu wakajaa. Na Mwalimu wa Kisomo akaja, akapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa ili uzibwe matundu, maana mtumbwi wa nchi kavu hakuuogopa, akatutangazia: "Hiki ni kipande cha ndege ya adui. Wetu wameiangusha."

Ilikuwa furaha ambayo sitaisahau. Tulicheza tukilizunguka bati lile. Tuliimba nyimbo za kumtukana rubani, mama zake na bibi zake. Wanawake tulilitemea mate. Mama yangu, Mayu Holo, mwanamke mpole ambaye kuku wenyewe hakuwafukuza kwa fimbo, alikimbia nyumbani akaja na mchi, akalipiga. Alilipiga mpaka akatoka jasho, na akawa anasema, "Hii ya mwanangu. Hii ya mwanangu."

Watu walipotawanyika, Mwalimu aliomba aachiwe bati akalitumie ghalani. Limi, mke wa Masanja, alikuwa akiosha vyombo nyuma ya mawe akamwona amelikokota mpaka majini. Alinisimulia siku ileile, tukashangaa wote: mtu yule mwoga wa maji ameingia mpaka magotini, peke yake, analisugua bati kwa mchanga. Halafu akasimama. Limi alisema alisimama muda mrefu sana, analitazama tu, mpaka Limi akamaliza vyombo akaondoka. Tukasema kweli elimu ni kitu kikubwa, imemtia mtu majini.

Kesho yake bati lilikuwa jeusi. Alikuwa ameomba lami kwa watu wa barabara, akaipaka, na juu ya lami akanyunyiza makaa ya betri za redio aliyoyatwanga. Akalitundika ghalani upande ulionyooka ukitutazama. Akatuambia, "Mnajua tuna adui ujinga. Huyu adui wa vita tumeshamwangusha, sasa tutamwandikia mgongoni." Tukapiga makofi. Ubao ule ulishika chaki vizuri sana. Mimi jina langu niliandika hapo kwa mara ya kwanza, bila kushikwa mkono.

Muda si mrefu akaja kijana wa jeshi kwa pikipiki. Alikuwa na sehemu nyingi za kwenda, hakukaa. Alimkuta balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Masanja, akamwachia neno moja atuletee. Mzee Masanja akaja nalo nyumbani kama alivyopewa: "Mabula amepotea."

Sijui kwenu, lakini Kiswahili chetu sisi, mtu aliyepotea ni aliyepotoka. Mlevi amepotea. Msichana aliyekimbia na dereva wa lori amepotea. Tukakaa na neno lile tusijue tulishike upande gani. Majirani wamekuja, nusu wamevaa kanga za msiba, nusu wamesimama. Mzee Masanja akasema, tuna mwalimu, tumwite atueleze neno.

Akaja. Alikaa kwenye kigoda cha baba yetu. Mama akamuuliza, "Mwalimu, amepotea maana yake amekufa?"

Naye akasema, na haya maneno ninayo kama yalivyotoka: "Mama, kufa ni kufa na kupotea ni kupotea. Angekuwa amekufa, wangesema amekufa."

Wenye kanga za msiba wakazivua. Mama akamshukuru, akampa matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, akayafunge kwenye leso. Na usiku haujaingia, pale kisimani mtu mmoja ameshasema: basi Mabula ametoroka. Amekimbia vita, kapata mwanamke wa Kiganda, analima ndizi.

Neno hilo halikuondoka. Vita viliisha, wanajeshi wakarudi, wengine na redio, wengine na makovu, Mabula hayumo. Mtoro, wakasema. Hatukuweka msiba, kwa hiyo hatukuanua matanga, na bila kuanua matanga Kabula hakuwa mjane wala hakuwa mke. Ndugu zetu wanaume hawakuweza kumrithi, wala kwao hawakuweza kumchukua. Alizeeka katikati hapo, na alipokufa alizikwa kama mke wa mtoro. Mtoto wake, Luhende, alikua akiimbiwa. Watoto walikaa kwenye mawe karibu na ghala, akipita wanaanza: mtoro kazaa mtoro, mtoro kazaa mtoro. Alipokuwa kijana alikwenda kwenye mafunzo ya mgambo, mtu akasema palepale mbele za watu, huyu msimpe bunduki, kwao huwa wanaondoka nazo. Hakurudi tena kwenye mafunzo, na haukupita mwezi akahamia Sengerema, akawa fundi wa injini za mitumbwi. Kwetu alikuja akiwa na sababu ya kuzika mtu.

Na Mwalimu wa Kisomo? Alikuja kwetu. Hilo ndilo ninalolitafuna mpaka meno yanauma. Alikuja karibu kila wiki, vita vikiendelea na vita vilipokwisha. Alimletea mama sukari, sabuni, habari. Mama anamwekea kigoda, anamuuliza, "Redio imesemaje, Mwalimu?" Naye, "Redio inasema wanarudi wachache wachache, mama." Anakula, anashukuru, anaondoka. Mama mlango wake hakuutia komeo mpaka siku ya kufa, kwamba Mabula akija asihangaike kubisha. Mwalimu alilijua hilo la komeo. Alilisifu. Alisema hadharani kwamba imani ya mama yule ni somo.

Kisomo kilipofifia, na ghala likarudishiwa pamba, alinipa mimi ubao. Alisema, "Wewe ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza, chukua." Nililia kwa heshima ile. Niliutundika sebuleni, na wanangu wote na wajukuu wameanza a e i o u hapo.

Mpaka mjukuu wangu Nyanzobe, anayeuza chipsi Buzuruga, akaniomba. Alitaka kabati jipya la chipsi, na mabati yamepanda bei. Akasema, "Bibi, ule ubao siku hizi hakuna anayeuandika, na haupati kutu. Fundi ataukata vizuri." Nikamwambia chukua, kitu kikae kwenye kazi. Akaupeleka kwa fundi Hamisi, pale nyuma ya stendi wanakofua masufuria na makabati, familia yao wako kwenye kazi hiyo tangu babu.

Hamisi akanipigia simu mwenyewe. "Shikamoo bibi. Hili dude ulilitoa wapi?"

"Marahaba. Ziwani. Kwani halikatiki?"

"Kukatika linakatika. Ila nimelipiga msasa nitoe lami, naona chini lina maandishi. Bibi, mimi siligusi tena. Vitu vya serikali vina kesi, nitakuja kulala ndani kwa ajili ya chipsi."

Nikapanda gari nikaenda. Ubao wangu umeegemezwa ukutani, nusu mweusi, nusu unang'aa kama mgongo wa samaki. Kwenye ile nusu iliyosafishwa kuna rangi ya kijani ya kijeshi imebanduka banduka, na herufi mbili kubwa, na namba zinafuata. Nilizisoma mwenyewe. J na W, kama kwenye magari ya Jeshi la Wananchi. Nikamuuliza Hamisi, adui nao walikuwa wanaandika hivi? Akasema kuna mzee mmoja Nyegezi, Mzee Magesa, alikuwa fundi wa ndege jeshini, huwa anakuja kwake kuchukua ripiti, ile misumari ya kubania mabati, za kutengenezea mabeseni ya watu. Tumwite aseme yeye.

Mzee Magesa alikuja kesho yake na bakora yake, Mjita mrefu, mwenye maneno machache. Hakutazama zile herufi hata kidogo. Alipiga goti kwa shida akapapasa bati upande uliopinda, nyuma, mahali ambapo palikuwa na kiraka kidogo ambacho miaka yote mimi nilidhani ni cha wenyewe waliolitengeneza.

"Ubavu wa ndege ya mizigo," akasema. "Ya kwetu."

"Ya kwetu wapi?"

"Ya kwetu Watanzania, mama. Hiki kiraka nimekipiga mimi. Mimi na kijana mmoja wa huko kwenu Kayenze. Tazama ripiti za upande huu, vichwa vimelala kulia, hizi zangu. Hizi nyingine zimelala kushoto. Yeye alikuwa anapigia mkono wa kushoto. Nilimcheka sana kwa hilo. Nikamwambia, ndege itazunguka upande mmoja."

Nikamuuliza, "Kijana gani?"

"Mabula."

Nilikaa kwenye kopo la rangi. Mzee Magesa akauliza, "Ulimjua?"

"Nilimbeba mgongoni," nikasema.

Akavua kofia. Akatusimulia kwa ufupi. Ndege ilikuwa inarudi kutoka Bukoba, siku ya mawingu na radi, ziwa lilikuwa limefunga. Haikufika. Walikuwamo wanne, na Mabula mmoja wao. Haikupigwa na mtu. Walitafuta wakakosa, kisha yeye akahamishiwa Tabora. "Sisi tuliambiwa nyumbani kwenu mmepelekewa habari," alisema.

"Tulipelekewa," nikamwambia. "Neno moja."

Nilirudi nyumbani na kitu kimoja kinanizunguka. Lami. Mtu hapaki lami asichokisoma. Limi alimwona amesimama majini anatazama, na hapo Kayenze nzima aliyejua J ni ipi na W ni ipi alikuwa mmoja. Alituwekea mbele ya macho kaburi la Mabula, akalipaka nyeusi, akatufundishia herufi juu yake. Kisha alipoulizwa maana ya kupotea, alikuwa anajua tayari. Mimi niliandika jina langu mahali hapo, nikapigiwa makofi.

Nilimwita Luhende kutoka Sengerema. Nilimweleza yote. Tukakubaliana kwamba Jumamosi inayofuata tutaanua matanga ya baba yake, na bati litazikwa kama mwili. Nikamwambia nitakwenda kumwomba Mwalimu aje aseme mwenyewe mbele ya watu. Kwa sababu mimi nikisema, watasema bibi mzee anasafisha ukoo wake. Neno hili alilipanda yeye, aling'oe yeye. Luhende akasema, "Nitakupeleka, shangazi."

Mwalimu siku hizi anakaa Kiseke, kwa binti yake Tumaini. Mtoto wa jicho amemchukua macho yote mawili. Tumaini alinipokea getini kwa furaha, akaniingiza sebuleni, akasema, "Baba, una mgeni kutoka Kayenze," akaenda jikoni. Luhende alikuwa bado nje anafunga pikipiki. Mwalimu alikuwa kwenye kochi, shati limepigwa pasi. Shikamoo ilinitoka kwa mazoea.

"Marahaba," akasema, na uso wote ukafunguka. "Sauti hiyo ni ya mwanafunzi wangu wa kwanza. Bado unaandika?"

"Naandika."

"Na ubao bado unao?"

Luhende alikuwa ameingia, amevua viatu mlangoni, akakaa kwenye stuli karibu na pazia. Hakuamkia. Nilimtazama, naye akatazama chini. Nikaona kuamkia ni kwake, si kwangu.

"Ninao," nikasema. "Umepigwa msasa."

Vidole vyake vilikuwa vinacheza kwenye mkono wa kochi, vikaacha. "Nani ameupiga?"

"Fundi mmoja, Buzuruga. Alitaka kuukata."

"Akaukata?"

"Hakuukata. Aliusoma."

Nje kulikuwa na mtu anauza dagaa, anapita anaita, tukamsikiliza mpaka akapotelea mbali. Kisha Mwalimu akasema, taratibu, "Nilikuwa nimeshasema."

"Umeshasema nini?"

"Kwamba ni ya adui. Lilikuwa na tope, sikuona kitu, nikapanda mtumbwi nikasema. Mkacheza. Mama yako akalipiga kwa mchi. Ndipo nikaenda kuliosha nikaona herufi. Sasa nirudi niwaambie nini? Na ilikuwa vita. Mtu akisema ndege yetu imeanguka anaulizwa anafurahia nini."

"Vita nakuachia," nikamwambia. "Vita viliisha, Mwalimu. Ulikula michembe kwetu vita vikiwa vimekwisha."

"Kila nilipokuja nilikuja kumwambia. Ananiwekea kigoda, ananiuliza redio imesemaje. Nikitazama ule mlango usio na komeo, ulimi unakufa."

"Na kupotea?"

"Pale nilisema kweli. Kupotea si kufa."

"Mwalimu."

"Nilijua mtakavyolisikia," akasema. "Nilijua Kiswahili chenu. Nikaona mtoro anaweza kurudi, maiti hairudi. Nikaona ni afadhali."

"Afadhali kwa nani?"

Nikamweleza habari ya Jumamosi. Nikamwambia gari litakuja kumchukua na kumrudisha, atakaa kitini, atasema maneno machache tu, kwamba alijua, na kwamba Mabula hakutoroka. Mbele ya Luhende. Sitaki kingine.

Alitikisa kichwa muda mrefu. "Pale Kayenze wameandika jina langu kwenye ukuta wa chekechea," alisema. "Watoto wanaamkia ule ukuta. Niache nife hivyo. Wewe sema, mwanafunzi wangu, mimi sitabisha."

"Kutobisha ndiyo kazi uliyoifanya miaka yote."

"Basi nisamehe. Lakini mbele ya yule mtoto, hapana. Nilikuwa namsikia anavyoimbiwa. Pale kwenye mawe, jioni, mkiwa darasani mnaandika. Ninyi mlikuwa mnainamia madaftari, hamkusikia. Mimi nilikuwa nasikia, naenda nafunga dirisha, narudi naendelea na somo. Nitasimamaje mbele yake niseme nilikuwa nafunga dirisha?"

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Luhende.

"Marahaba," akajibu, upesi, kama mtu aliyeamkiwa maisha yake yote. Kisha kichwa kikageuka kuelekea kwenye pazia. "Nani mwenzetu?"

"Luhende. Mtoto wa Mabula."

Nilingoja. Nilimngojea aseme neno, lolote, hata moja, kwa mtu yule aliyekaa hatua chache kutoka kwake. Yeye akageuza uso akanirudia mimi.

"Umenisaliti," aliniambia. "Umeniletea mtu hukuniambia. Nimekufundisha, nimekubebea mtoto, leo unanifanyia hivi."

Tumaini alitoka jikoni na sinia la chai, vikombe vinagongana, akatutazama mmoja mmoja akasimama nalo mikononi. Mwalimu akarudia, kwa sauti ndogo, kwamba nimemsaliti. Luhende alikuwa ameshafika mlangoni. Aliinama akavaa viatu vyake, akafunga kamba za mguu mmoja, kisha za mguu wa pili, polepole, kama mtu asiyekimbia kitu.